Daftari la Balozi na Mlango wa Kijani

Ndugu zangu, siku ile mjinga alikuwa yeye, kinyozi. Hakuwa dereva wa lori, hakuwa karani wa posta, wala hakuwa yule mkaguzi wa tiketi aliyewashusha yeye na mke wake kwenye treni pamoja na makoti yao. Nilimwuliza kama niandike hivyo, akasema andika, tena uliweke hilo mstari wa kwanza, maana nikishajitaja mwenyewe wengine watakosa la kusema. Hapo nako alikosea. La kusema tunalo.

Nyumba yake ilikuwa imetulia. Ilikuwa na watu watatu tu baada ya watoto kukua na kwenda kwao: kinyozi, mke wake, na dada mkubwa wa mke wake, ambaye kinyozi alimwita shemeji na sisi wengine tulimwita Dada. Alfajiri Dada alikuwa ameshafagia uani, na akifagia Dada, jani likidondoka linaona haya. Mke wa kinyozi alikunywa chai amesimama, akafunga kanga kiunoni, akaenda kwenye jiko la shule alikopikia watoto mia nne kwa miaka ishirini na miwili. Kinyozi alifungua mlango wa mbele, akapangusa kioo chenye ufa kwenye kona, akavikung'uta vumbi viti vyake viwili vya kuzunguka, ambavyo kimoja kilikuwa kimeshagoma kuzunguka, akaanza siku.

Pale kinyozini tulimwita Balozi. Hakuwahi kuvuka mpaka hata mmoja, lakini alizungumza habari za nchi za watu kama mtu aliyesahau mswaki wake huko.

Sasa huyu Dada ndiye aliyewahi kuishi ng'ambo kwelikweli. Alikaa miaka tisa katika mji mkubwa, katika jumba la makumbusho, kazi yake kudeki sakafu. Magoti yake yamebaki huko. Alirudi kimya, bila mikogo, akakaa chumba cha nyuma. Lakini Balozi aliona neno kudeki halikai vizuri mdomoni mwake. Akatuambia shemeji yake alikuwa afisa wa makumbusho. Afisa wa nini, tukamwuliza. Akatwambia kitengo cha ndani, akaongeza povu kwenye shavu la mteja ili maswali yaishe.

Mke wake alikuwa na haja moja tu duniani, nayo ilitoka kwenye barua. Enzi zile Dada alikuwa akimwandikia mdogo wake, na karibu kila barua ilimweleza ile sakafu: ukumbi mkubwa wa katikati, na chini yake jua la mawe ya rangi saba, lenye miale inayofika hadi ukutani, kila mwale ukiwa na urefu wa vitanda sita. Picha hairuhusiwi kupigwa humo, kwa hiyo hakuwahi kutumiwa hata moja. Mpishi wa shule alipika maharagwe miaka yote hiyo akiwa na jua la mawe kichwani. Mwaka jana wanawe walipochanga, wakasema, mama, chagua pa kwenda upumzike siku tatu wewe na baba, hakufikiri mara mbili. Alisema: "Mimi nataka kuiona sakafu ya dada."

Hapo ndipo utulivu ulipovunjika, maana Balozi alinunua daftari.

Lilikuwa daftari la kurasa tisini na sita, lenye jalada gumu, na juu yake aliandika kwa kalamu nyekundu: MASHAURI YA SAFARI. Alilitundika kwa kamba kando ya kioo. Kila aliyeketi kwenye kile kiti kinachozunguka aliulizwa. Na Balozi alikuwa na saa yake ya kuuliza. Hakuuliza mtu alipoingia, wala alipokuwa akipanguswa poda. Alingoja mpaka kichwa kimelazwa nyuma, povu limekolea, na wembe umefika chini ya taya. Hapo ndipo aliposema taratibu, bila kuuondoa mkono: na wewe bwana, ule mji unaufahamu? Mteja alitazama dari, akameza mate kwa uangalifu, akajibu kwamba anaufahamu.

Wote waliufahamu. Hata mimi ninayewasimulia, ambaye safari yangu ndefu ni ya hospitali ya wilaya, niliufahamu siku hiyo. Nilimwambia hoteli nzuri ni ile iliyo jirani na stesheni, kwamba ni kimya. Sijui nililitoa wapi. Likaandikwa, namba kumi na moja.

Fundi wa friji alisema huko kuna baridi ya kukata masikio, wabebe makoti mazito. Karani wa posta alisema tiketi ya treni haikatwi mlangoni, mkaguzi huikata humohumo ndani. Na dereva wa lori, bingwa wetu wa barabara, alitoa shauri lililompendeza Balozi kuliko yote: nendeni mwanzoni mwa wiki, Jumatatu na Jumanne, hamtakuta foleni popote. Balozi alilipigia mstari mara mbili. Sakafu ya Dada aliiweka mwisho kabisa wa ratiba, baada ya minara miwili, daraja, na duka lenye ngazi zinazotembea.

Mtu mmoja tu hakuulizwa, na huyo alikuwa akilala hatua kumi kutoka kwenye daftari. Angeulizwaje? Angejibu kama mdeki sakafu, mbele za watu, na afisa wa kitengo cha ndani angekufa siku hiyohiyo.

Ndipo ikafika jioni ya Ijumaa moja. Mke wa kinyozi alikuwa nje akianua nguo. Dada alikuwa mezani anamenya vitunguu, na Balozi akawa anasoma ratiba kwa sauti, kwamba watafika Jumapili usiku, Jumatatu watazunguka, Jumanne watamalizia na makumbusho, Jumatano asubuhi wanarudi, na kwamba tiketi za ndege zimeshakatwa kwa tarehe hizo.

Dada aliinua kichwa. "Jumanne? Shemeji, pale Jumatatu na Jumanne sisi..."

Balozi hakumwacha amalize. Alikuwa anacheka aliposema, na ndiyo maana liliuma zaidi: "Shemeji, wewe miaka tisa ulikuwa unaangalia sakafu. Mji wenyewe uliuona lini?"

Wasomaji wangu, kuna maneno mtu akishayatoa, chumba hubadilika hata kama viti viko palepale.  Dada alimaliza kitunguu alichokuwa nacho, akakusanya maganda, akapangusa meza mpaka kwenye kona, akaenda chumbani kwake. Mdogo wake alipoingia na nguo akauliza dada yuko wapi, Balozi akasema ameenda kupumzisha magoti.

Basi wakaondoka. Nusu ya mtaa tulitoka kuwaaga, na Balozi alikuwa amevaa koti zito lililofika kwenye goti, jasho linamtiririka, anatupungia mkono kama waziri. Mke wake alinong'ona na dada yake mlangoni, wakakumbatiana muda mrefu.

Walishuka kwenye ndege wakakuta joto. Watu wa kule walikuwa na mikono wazi na kofia za jua, na wale wawili wakapita katikati yao kama makabati mawili yanayohamishwa. Hilo lilikuwa shauri namba mbili. Wakapanda treni bila tiketi wakimngoja mkaguzi. Mkaguzi alikuja kweli, lakini hakuja kukata tiketi, alikuja kuwashusha. Walitembea vituo viwili kwa miguu wakiburuta begi ambalo gurudumu lake moja lilikuwa na akili zake. Kisha wakaifikia hoteli, shauri langu mimi, namba kumi na moja, ambayo treni zilipita chini ya dirisha lake kila robo saa, na glasi ya maji mezani ikatembea yenyewe hadi ukingoni. Mke wake aliidaka mara mbili. Mara ya tatu akaiweka sakafuni, akalala.

Jumatatu mnara wa kwanza ulikuwa umefungwa. Daraja walilivuka, na kusema kweli lilikuwa zuri. Mnara wa pili ulikuwa umefungwa. Balozi alisema huenda leo ni sikukuu yao. Foleni hawakuiona popote, kama dereva alivyoahidi.

Jumanne asubuhi wakapanda ngazi za makumbusho. Mke wake alikuwa amevaa gauni jipya la bluu aliloshona kwa ajili ya siku hiyo, na koti amelibeba mkononi. Juu kulikuwa na nguzo nane na mlango mkubwa wa shaba, na kwenye mlango kulikuwa na kibao. Hawakuijua lugha ile, lakini Balozi alikielekezea kibao simu, na simu ikawasomea kwa Kiswahili cha kukatikakatika: Jumatatu na Jumanne, hakuna wageni, siku za usafi.

Mpishi wa shule hakulia. Afadhali angelia. Alikunja koti mara nne, akaliweka kwenye ngazi, akalikalia. Balozi alifungua daftari, akafunua ukurasa, akafunua mwingine, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko ambao ameshaupapasa. Akaanza kusema kwamba wanaweza kutazama kwa nje, kwamba nguzo zenyewe ni kazi kubwa ya mikono, kwamba mwakani Mungu akipenda.

"Mpigie," mke wake akasema.

"Nimpigie nani?"

"Unamjua."

Ndipo Balozi akakumbuka Ijumaa ile, na sentensi iliyoachwa njiani. Pale Jumatatu na Jumanne sisi. Sisi tunafanya nini? Jibu lilikuwa mbele yake, limeandikwa kwenye shaba.

Alipiga simu akiwa amempa mke wake mgongo. Alijipanga kusema kwa mzunguko, lakini sauti ya Dada ilipoitika, mzunguko ukamponyoka. Akasema: "Shemeji, nimekosa. Nilikuvunjia heshima pale mezani. Sasa niko mlangoni na mdogo wako amekaa kwenye ngazi."

 Kisha Dada akauliza, kwa sauti ya mtu aliye kazini: "Mlango gani?"

"Wa shaba. Wenye nguzo."

"Huo ni wa wageni. Zunguka kulia, fuata ukuta mpaka kwenye mapipa. Utaona mlango mdogo wa chuma, wa kijani. Kengele iko chini, upande wa kushoto. Bonyeza mara mbili, pumua, bonyeza mara moja. Simu usiikate."

Walizunguka. Mapipa yalikuwepo, mlango ulikuwepo, rangi yake ya kijani imebanduka chini kwa kupigwa na ndoo za miaka. Balozi alibonyeza mara mbili, akapumua kama alivyoagizwa, akabonyeza mara moja. Alifungua mwanamke mnene wa makamo, amevaa buti za mpira, na nyuma yake wengine sita wameegemea madekio. Alikuwa ndiye msimamizi. Aliuliza kitu kwa lugha yao, mikono kiunoni.

"Anauliza wewe ni nani," Dada alisema kwenye simu iliyokuwa imewekwa sauti kubwa. "Mjibu. Nitamtafsiria neno kwa neno."

Ndugu zangu, hapo palikuwa na majibu mengi. Balozi alikuwa na cheo kimoja tulichomtungia sisi na kingine alichomtungia shemeji yake. Alimtazama mke wake, ambaye hakumsaidia. Akasema: "Mimi ni shemeji yake yule aliyekuwa akideki hapa. Na huyu ndiye mdogo wake."

Dada alitafsiri, na sauti yake ikapata kama mafua kidogo. Wale wanawake hawakungoja imalizike. Mpishi wa shule alivutwa ndani, akakumbatiwa na mikono yenye maji hadi viwikoni, akavikwa beji kifuani. Beji mbili zilikuwa tayari, zimeandikwa tangu juma lililopita. Dada alikuwa amempigia msimamizi siku aliyosikia kwamba tiketi zimeshakatwa, na ruhusa ilikuwa imeshaombwa na kutolewa. Alichokuwa akingoja ni kengele.

"Na kama nisingekupigia?" Balozi aliuliza baadaye.

"Saa sita ningempigia mdogo wangu," Dada alimjibu. "Wewe ungebaki kwenye ngazi na daftari lako."

Walivua viatu. Wakapitishwa korido yenye misumari ya kutundikia madekio, na msimamizi akasimama penye msumari wa tatu, akaugonga kwa kidole. Ulikuwa na uzi mwekundu, umefifia. Ndio uliokuwa wa Dada. Hautundikiwi kitu tangu aondoke. Kisha akafungua mlango wa ukumbi.

Sakafu ilikuwa imetoka kudekiwa muda uleule. Hapakuwa na mgeni hata mmoja, wala kamba za kuzuia watu, wala viti. Jua la mawe lilikuwa limelala pale na maji juu yake, rangi zake zote saba zimeamka, na mwanga wa madirisha ya juu umeingia ndani yake kama kwenye kisima. Watu wanaoingia Jumatano hadi Jumapili hawalioni hivyo. Wanaliona kavu, lina miguu ya wenzao juu. Lile lililoandikwa kwenye barua lilikuwa hili la maji, la Jumatatu na Jumanne, na duniani ni wadeki sakafu peke yao wanaolijua.

Mpishi wa shule alitembea peku juu ya mwale mmoja mpaka katikati. Alisimama pale na gauni lake la bluu. Alisema tu, kwenye simu: "Dada, nimefika." Na Dada, kutoka chumba cha nyuma, umbali wa maelfu ya kilomita, akamwambia angalia mwale wa kijani, jiwe la nane lina ufa kama nywele, mwaka wa kwanza nilidhani ni mimi nimelipasua, nikalia wiki nzima.

Lilikuwepo. Ufa ulikuwepo.

Msimamizi alieleza kwamba pale kila mfanyakazi mpya hufundishwa kuanza katikati ya jua na kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, ili asiache alama ya unyayo wake. Zamani walianza kwenye kuta, wakamaliza wamezingirwa na maji. Aliyegeuza utaratibu huo ni Dada, mwaka wake wa pili, na jina la namna hiyo ya kudeki hadi leo ni jina lake. Balozi alisikia hayo, kifua kikamjaa. Safari hii hakuwa na haja ya kuongeza povu. Akaomba dekio. Wakampa, wakamcheka, maana alilishika kwa vidole viwili kama wembe, na Dada aliyekuwa akisikiliza tu akamwambia shemeji usirudie ulipopita, hilo si shavu.

Alirudi nyumbani bila picha ya ukumbi. Makoti aliyaacha hotelini. Asubuhi ya kwanza alifungua mlango wa kinyozini, akalishusha daftari ukutani, akatutangazia kabla hatujauliza kwamba shemeji yake hakuwa afisa. Alikuwa mdeki sakafu, miaka tisa, na mtindo wake unafundishwa ng'ambo. Alilisema hilo amenyoosha mgongo, na siku hiyo alionekana mrefu.

Funzo

Ndugu zangu, mabalozi wa namna hii tunao katika nyumba nyingi. Tunahangaika kumtafuta mjuzi mbali, kwa watu wenye suti na sauti, huku anayejua tunamwachia vitunguu amenye. Tunazionea haya kazi zilizotulea, tunazipaka vyeo vya uongo, kisha uongo huo unatuziba mdomo tusiweze hata kuuliza mlango uko wapi. Anayesafisha mahali anapajua kuliko anayepatembelea. Mheshimu kwa kazi yake kama ilivyo, usiipambe, na ukimkosea mwambie nimekosa kabla hujafika kwenye ngazi. Kazi halali ina fahari yake yenyewe, haihitaji ya kuazima.

Wengine mtabisha, kama tulivyobisha sisi siku hiyo pale kinyozini. Dereva wa lori alidai shauri lake lilikuwa la kweli, maana foleni hawakuikuta. Karani alisema Balozi hakumsikia vizuri. Mimi nilitetea hoteli yangu. Fundi wa friji alisema wote tulikuwa na nia njema, ila kinyozi hakujua kuchagua. Kelele zikazidi, na Balozi, aliyekuwa amemlaza dereva kwenye kiti na wembe chini ya taya, akamgeukia Dada aliyesimama mlangoni ameleta chupa ya chai.

"Shemeji, tuamulie," alisema. "Watu kumi na saba niliwauliza. Inawezekanaje kati ya watu kumi na saba asipatikane hata mmoja wa kuniambia hajui?"

Dada aliweka chupa juu ya meza, akautazama wembe, akamtazama dereva aliyekuwa ametoa macho darini, akasema:

"Ondoa hicho kisu shingoni mwake, umwulize tena."